Bizimu la Baba Wol

Adome alikuwa na mabizimu ishirini na moja ya dhahabu, yale ya kufungia mikanda ya saa za zamani, na hakuwa na saa hata moja. Aliyasaka kwa mafundi na wauza mitumba toka Lodwar hadi Kaikor, akayalaza juu ya pamba ndani ya kopo la majani chai. Kila moja alilijua kampuni, mwaka na uzito.

Lililomnyima usingizi lilikuwa la Mama Abang wa Kakuma. Marehemu mumewe, Bior, alivuka nalo mpaka wa Sudan pale Nadapal, likiwa kwenye saa yake, na nyuma ya bizimu alikuwa amechora herufi B kwa ncha ya kisu. Mama Abang hakutaka kuliuza katu. Alimkabidhi Adome pamoja na saa yake, alitilie mkanda mpya tu, maana mwanawe Wol angelivaa Jumamosi, siku ya harusi yake.

"Likipotea," alimwambia, "na wewe potea."

Halikupotea. Adome alimpelekea shangazi yake Asekon, ambaye mikanda yake ya ngozi ya mbuzi ilisifiwa Lodwar nzima. Ijumaa alipokwenda kuuchukua mkanda, bizimu lilikuwa linawaka kama jua la saa saba.

"Ejok, safi kabisa! Umeona?" Asekon alijigamba. "Lilikuwa chafu hilo! Nimelisugua kwa mchanga wa mto na majivu, kama sufuria."

Adome akaligeuza. Nyuma palikuwa laini.

"Shangazi, ile B..."

"Ule mkwaruzo? Ulinitoa jasho huo!"

Alipoelezwa mkwaruzo ule uliachwa na mkono wa nani, Asekon alitupa chini kitambaa chake. Kisha akajifunga leso, akaenda zizini. Kesho yake alfajiri walipanda pikapu ya kwenda Kakuma, wao wawili na mbuzi mweupe wa kuombea msamaha.

Mama Abang alisikiliza habari yote huku akipapasa mgongo wa bizimu kwa kidole gumba. Adome alishindwa kungoja. Akafungua kopo lake, akaliweka mapajani mwa mama yule.

"Chagua, mama. Lolote. Hata yote."

Mama Abang aliokota moja, lililo bora kuliko yote. "Hili lilikuwa la nani?"

"La Uswisi, mama. Mwaka wa hamsini na..."

"Nimeuliza la nani."

Adome hakujua. Akaulizwa la pili, la tatu. Hakujua. Miaka sita ya kukusanya, na hakuwahi kumuuliza muuzaji yeyote jina la mtu.

"Maskini mwanangu," Mama Abang alisema, akamrudishia kopo kwa upole. "Umelea mayatima ishirini na moja. Langu lina mwenyewe, hata bila herufi. Wol! Njoo uvae saa ya baba yako."

Wol alikuja na suti yake mpya, akanyoosha mkono. Mkanda haukufika; ulipungua tundu moja.

"Nipeni msumari nitoboe," alisema Asekon, akiinuka.

"Mpeni," alisema Mama Abang, macho yake yamejaa machozi na kicheko pamoja. "Lakini fagieni mchanga wote kwanza, asije akasugua tena. Na huyo mbuzi afungwe kivulini, ni mgeni wetu mpaka saa sita, wapishi watakapomtaka."

Adome alitoa kalamu. "Mama, Bior alikuwa mtu wa namna gani?"

"Kaa chini," akaambiwa.