Marehemu Huja Pikipiki Ikichafuka

Jumamosi asubuhi Kasi aliingiza pikipiki uani, akaisimamisha karibu na bomba, na kabla injini haijapoa akaimwagia ndoo nzima ya maji baridi yenye sabuni ya unga, ile ya kufulia nguo. Injini ikalia chwii. Alipokuwa anarudi bombani kujaza ndoo ya pili, kaka yake, aliyezikwa mwanzoni mwa msimu wa mvua, akaingia kwa mlango wa uani. Alikuwa na fulana yake ya kuoshea na suruali aliyoikunja hadi magotini.

"Acha ipoe kwanza," akasema.

Kasi akaweka ndoo chini. Mama yao, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo, alimtazama marehemu kuanzia juu hadi chini, akasema amekonda. Kisha akaingia ndani kumchemshia chai.

Marehemu hakuwa ameleta jambo kubwa. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akaanza kueleza. Injini ya moto haimwagiwi maji baridi, kwa sababu chuma nacho hushtuka. Mdomo wa bomba la moshi huzibwa kwanza kwa mfuko wa plastiki, na anayesahau kuutoa asimlaumu mtu. Sabuni ya kufulia hula rangi. Unaanzia juu, kwenye tangi na kiti, unashuka pole pole. Magurudumu ni mwisho, na sponji iliyogusa magurudumu haipandi tena juu hata kwa bahati mbaya, maana ina mchanga, na mchanga huchora tangi. Alipokuwa hai alimwambia hayo hayo kila aliyesimama karibu naye, awe na pikipiki au asiwe nayo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bwana Kitambaa. Kufa hakukumbadilisha tabia. Pikipiki ilipokauka vizuri, akaaga, akatoka kwa mlango ule ule.

Mkewe, Mama Mikate, hakuwepo. Alikuwa njiani, na mikate kichwani.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Wakati wa uhai wa marehemu, pikipiki ile ilikuwa na kazi moja: kusambaza mikate. Mama Mikate aliiendesha mwenyewe, kreti zimefungwa nyuma kwa kamba za mpira, kutoka kiwanda cha mikate hadi maduka ya upande wa pili wa kilima. Yeye alisambaza, mumewe aliosha, na wote wawili walikuwa na raha. Baada ya mazishi familia ikakaa kikao. Baba Mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti kwa sababu alipenda sana kukalia kiti chenye mikono, akasema mjane anahitaji kupumzika, kwa hiyo pikipiki ikae kwa Kasi kidogo mpaka mambo yatulie. Mambo yalikuwa yametulia siku nyingi, na Kasi bado alikuwa nayo. Mama Mikate alipumzika kwa kutembea. Maduka ya upande wa pili wa kilima yalimvumilia kwa muda, halafu moja moja yakatafuta msambazaji mwingine, maana mkate wa asubuhi ukifika mchana hauna tena wa kumwambia habari za asubuhi. Kama na maduka yaliyobaki yangemwacha, biashara yake ilikuwa imekwisha, naye alilijua hilo kila alipoweka mguu mmoja mbele ya mwingine.

Alipoambiwa mumewe alikuja na ameshaondoka, alikaa kizingitini akalia kwa hasira. Alisema mtu huyo hata kaburi limeshindwa kumfundisha kungoja.

Jumamosi iliyofuata alikaa nyumbani. Marehemu alikuja mara tu Kasi aliposhika ndoo. Alimsalimia mkewe, akamuuliza hali, akatabasamu kidogo, halafu akaona Kasi anaelekeza mpira wa maji kwenye plagi, ikabidi aache habari za ndoa. Mama Mikate alimwangalia muda wote. Alikuwa na hamu naye kiasi kwamba hata habari za plagi zilimtosha.

Mama mkwe, kwa upande wake, alitaka mwanawe aje kila siku. Aliosha masufuria kwa kelele, hakuja. Akaosha baiskeli ya jirani, hakuja. Akaosha redio, na redio nayo ikafariki. Ikaonekana wazi kwamba anakuja kwa pikipiki yake tu, na siyo ikiwa safi. Kuna wiki mvua haikunyesha na Kasi alishinda nyumbani anaumwa jino. Pikipiki ilioshwa hivyo hivyo, bila hata vumbi, na ndoo aliyogeuziwa marehemu ikabaki bila mtu. Mama mkwe hakula mpaka Jumatatu.

Tangu hapo uchafu ukawa jambo la familia. Baba Mkubwa alichimba shimo nyuma ya choo, akalijaza maji, akawa analikoroga kwa jembe kila jioni na kuonja uzito wake kwa kidole cha mguu. Kasi alipita humo kwa mwendo wa jina lake. Matope yalifika kwenye taa, kwenye kiti, kwenye mnyororo, na wiki moja ndani ya sikio la Baba Mkubwa. Jumamosi marehemu aliiangalia pikipiki akatikisa kichwa, akauliza hivi wanaiendesha au wanailimia. Mama mkwe alifurahi mno. Majirani wakaanza kuja na viti vyao kusikiliza, na pikipiki za mtaa ule zikawa zinang'aa kuliko za mitaa yote.

Mama Mikate akaona sasa ndiyo nafasi. Alimfuata Baba Mkubwa na ombi la adabu: apewe pikipiki asambazie mikate, na kila Jumamosi ataileta uani iliyo chafu, mumewe aje kama kawaida. Baba Mkubwa alifikiri sana, kisha akamjibu kwa upole kwamba familia inamwamini katika kila kitu isipokuwa hicho. Wote walikumbuka alivyokuwa akikwepa madimbwi ili mikate isirukiwe. Miaka yote aliyoiendesha, pikipiki ilikuwa ikirudi na vumbi tu.

"Mwanangu, tatizo lako ni usafi," akasema.

Basi Jumamosi hiyo, mbele ya wote, wakati marehemu anaonyesha namna ya kusugua mnyororo kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, Mama Mikate akasimama. Alimuuliza mumewe swali moja: pikipiki hii ni ya nani?

Kasi akashika mswaki hewani.

"Ni yako," marehemu akasema. "Nilikununulia wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuiosha."

Hakuna aliyebisha. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, majirani wakakubali, hata Kasi akasema naam, ndivyo anavyokumbuka. Baba Mkubwa aliwashukuru wote kwa ukweli wao. Halafu akaeleza, bila ukali wowote, kwamba marehemu ni mgeni wa heshima, chai atapewa, ndoo ya kukalia atapewa, lakini mali ya marehemu huamuliwa na waliobaki, na kwa bahati mbaya yeye hakubaki. Angekuwa hai wangemsikiliza. Marehemu akafikiri, akakubali kwamba hoja ina mantiki, akamwambia Kasi mnyororo haujatakata upande wa ndani.

Mama Mikate alitaka kumpiga mtu kwa ndoo, ila hakujua aanze na nani.

Wiki iliyofuata Kasi alisema mgongo unamuuma. Kuchafua anaweza, akasema, lakini kuchafua na kuosha ni kazi mbili, naye ni mtu mmoja. Mama mkwe akaona marehemu atafurahi zaidi akioshewa na mkewe. Kwa hiyo kazi ya kuosha ikahamia kwa Mama Mikate, ambaye Jumamosi alimaliza mzunguko wa mikate kwa miguu, akatua kreti, akashika sponji.

Siku ile ya kwanza walikuwa wawili tu uani. Mama mkwe alikuwa jikoni na chai yake, majirani walikuwa hawajafika. Marehemu alikaa kwenye ndoo yake. Alimwona mkewe akiacha injini ipoe, akiziba bomba la moshi, akianzia kwenye tangi, akishuka. Hakuwa na la kusahihisha, na kutosahihisha kulimpa tabu. Akamtazama miguu. Ilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye vifundo, na kisigino kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Unatembea mpaka wapi?" akauliza.

Mkewe akamwambia ni mpaka kwenye yale maduka machache yaliyobaki, ya bondeni. Ng'ambo ya kilima ameshaacha, wamepata mtu mwingine.

Maji yalichuruzika kwenye madigadi.

"Nisipokuja tena," marehemu akasema baadaye, "hawatakuwa na sababu ya kuichafua. Na wasipokuwa na sababu ya kuichafua, watakurudishia."

Mama Mikate alijua ni kweli. Kasi alikuwa ameshaichoka, yeye alipenda mwendo, si shimo. Baba Mkubwa alikuwa akilalamikia jembe. Mwezi mmoja bila marehemu, na pikipiki ingeegemezwa ukutani kwake kama mzigo usio na mwenyewe. Angefunga kreti nyuma. Angefika ng'ambo ya kilima mikate ingali na moto. Alisugua rimu mpaka akauona uso wake, na alipoinua macho mumewe alikuwa bado pale, magoti nje, anasubiri aambiwe.

"Njoo," akasema.

"Una hakika?"

"Njoo, bwana. Usiniulize tena."

Alikuwa na uchungu na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na akasugua gurudumu la pili kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Marehemu akamkumbusha asisahau kuutoa ule mfuko kwenye bomba la moshi. Akautoa. Wakaikausha kwa kitambaa laini, akapaka oili kwenye mnyororo huku marehemu akimwonyesha mahali pa kudondosha, na ilipong'aa yote akaaga.

Kasi alikuja dakika hiyo hiyo na funguo mkononi. Aliisifu kazi ya shemeji yake, akasema kwa kweli imependeza, akaiwasha, akazunguka nyuma ya choo. Mama Mikate alisikia injini ikinguruma, na matope yakiruka, na Baba Mkubwa akipiga kelele kwamba taa ya mbele bado. Akajitwisha kreti tupu kichwani, akashika njia ya kiwandani kuchukua mikate ya jioni.