Babu wa Ukutani

Dobi alikuwa na simu ambayo hata wateja wake wa suti na tai hawakuwa nayo. Alinunuliwa simu hiyo na bintiye, mtoto wake wa pekee, siku chache kabla hajaenda ughaibuni kufanya kazi ya uuguzi. "Baba, tutaonana kila siku kama tuko nyumba moja," binti alisema. Na kweli, walionana. Mjukuu alipozaliwa huko, Dobi alimwona akiwa bado amekunja uso kama kola isiyopigwa pasi, akacheka mpaka akaunguza shati la watu.

Simu yenyewe ilikuwa ya haja. Kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja, sauti ilijaza chumba, na mtaani mtu akioa, Dobi aliitwa akapige picha. Aliifuta kwa kitambaa laini kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi. Yeye aliamini kila kitu ni matunzo. Shati kuukuu likipita mikononi mwake, mwenyewe alidhani amebadilishiwa. Kitunze kikutunze, si ndivyo tulivyofundishwa? Ila hakuna aliyemwambia kuwa simu si shati.

Siku moja akabonyeza kumpigia binti simu ya video, akaambiwa programu imepitwa na wakati, aiapdeti. Akajaribu kuiapdeti. Simu ikamjibu kuwa yenyewe haina uwezo wa kupokea programu mpya. Programu inamtuma kwa simu, simu inamrudisha kwa programu, kama mtu anayefuatilia cheti ofisini. Akaipeleka kibanda cha pili, kwa fundi simu, rafiki yake wa siku nyingi.

Fundi aliigeuzageuza, akaipuliza bila sababu, kisha akamrudishia. "Ndugu yangu, mwili mzima, ndani kwisha. Walioitengeneza wameshaitupa mkono."

"Mbona inang'aa hivi?"

"Ng'ombe hazeeki maini. Simu huzeekea huko huko kwenye maini." Akachukua kijisimu kipya cha bei poa, cha plastiki. "Hiki hapa kitakuonyesha mwanao leo leo. Tunahamisha laini, basi."

Dobi alikitazama kana kwamba ametukanwa. Bintiye alijinyima kwa ajili ya simu ile. Kumwambia haifanyi kazi ni sawa na kumwomba nyingine, na Dobi alijua binti anavyokesha wodini huku ana mtoto mdogo na kodi ya nyumba. Na akimwona babake na kile kidude, si atajua tu?

"Mficha uchi hazai," fundi alisema.

"Mimi nimeshazaa. Ndiyo maana nina shida."

Basi akawa anampigia binti simu ya kawaida, ya haraka haraka kwa sababu salio lilikwisha kama maji kwenye mchanga, na kumwambia mtandao wa huku umekuwa mbovu. Uongo ule ukashika, na miezi ikapita. Zikiletwa nguo za watoto, Dobi alizipiga pasi mwisho, polepole. Aliinua kigauni kwa mabega, akakisogeza juu kidogo, akakishusha, akijiuliza kama mjukuu wake amefika hapo au amepita. Alitamani kumwona yule mtoto kiasi cha kuona haya. Mwenye gauni akija kulichukua, Dobi alijifanya bado anatafuta hanga.

Siku binti alipompigia mwenyewe, sauti yake ilikuwa ndogo. "Shikamoo, baba. Mtoto anatembea sasa. Anaongea. Baba, kama umenikasirikia kwa sababu sijaja nyumbani, niambie tu. Usinifiche uso wako."

Dobi alisema atampigia sasa hivi. Alizima pasi, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa fundi. "Lete hicho kidude," alisema. Fundi, kwa mara ya kwanza, hakutania. Alihamisha laini, akarudisha akaunti, akampa kiti chake mwenyewe.

Picha ilikuja imefifia, ikakatika, ikarudi. Binti alikuwa amekonda. "Baba!"

"Mwanangu, simu yako imezeeka," Dobi alisema kabla hata ya salamu. "Niliitunza, Mungu shahidi. Imezeeka tu. Sikukasirika hata siku moja."

Binti akaweka kiganja mdomoni, akacheka na kulia kwa pamoja. "Sasa baba, simu ndiyo ya kunitesa hivi? Mimi huku silali!"

"Nisamehe, mama. Nimekukumbuka mno. Niletee mtoto nimwone."

Akaletwa. Alikuwa na meno, na visuko viwili vya nywele vilivyosimama. Dobi alisogeza uso karibu na kioo. Mtoto alikitazama kile kizee chenye ukungu kwenye kioo, kisha akauficha uso shingoni mwa mamake.

"Huyu ni babu," binti alisema. "Mwamkie babu."

Kusikia neno babu, mtoto akachangamka. Akateleza kutoka mapajani, akakipa kioo mgongo, akaenda mbio kwa miguu yake mifupi mpaka ukutani. Hapo palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu: Dobi na bintiye, siku ya safari, wote wamevaa nguo alizozipiga pasi yeye.

"Kamoo, babu!" mtoto aliiambia picha. Akaipigapiga kwa kiganja. Akaendelea kuisimulia mambo yake marefu, ya leo na ya jana, kwa maneno ambayo mamake peke yake angeyaelewa.

"Humwamkia kila asubuhi," binti alisema kwa aibu. "Nilitaka asikusahau. Ngoja nimwite, baba."

"Mwache," Dobi alisema. "Mwache amalize."

Akakishika kile kijisimu kwa mikono miwili, akakaa akingoja zamu yake.