Nje ya Lango la Eliakim

Nyakoe ya miaka ile ilikuwa inaumbwa upya kila asubuhi. Ukifungua mlango wa duka hukuona barabara wala soko, uliona ukungu tu, na ndani ya ukungu jogoo anawika usijue ni wa nani. Halafu mgomba mmoja ungejitokeza, halafu kipande cha kilima, halafu mtu. Mtu huyo alikuwa Eliakim, na saa ilikuwa tatu kamili.

Eliakim alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, Msabato, mtunzaji wa bustani ya miche ya serikali iliyotazamana na duka la baba. Katikati ya bustani kulikuwa na chombo cha shaba cha kukinga mvua. Kila siku saa tatu aliyamimina maji yake kwenye bilauri ndefu yenye mistari, akainama, akasoma, akaandika daftarini ni inchi ngapi na pointi ngapi, pointi mia zikiwa inchi moja. Alifanya hivyo miaka minane, isipokuwa Jumamosi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi nyumbani baada ya ndoa ya miezi kumi ambayo sina haja ya kuisimulia. Nilikuwa nimesoma kidogo nikajiona nimemaliza. Mambo mengi nilikuwa nimeacha kuyaamini, mengine kwa siri, na nilidhani hiyo ndiyo akili yenyewe. Basi Eliakim alinichekesha hadi mbavu zikauma. Mtu anajumlisha mvua ya mwaka mzima kichwani, lakini ukimuuliza inatoka wapi anakuambia juu ya anga kuna maji, na mbingu ina madirisha. Wala hakusema kwa mfano. Alisema madirisha.

"Akili zote zile, baba!" nilisema.

"Akili ni nywele, Mariam," alijibu baba, Abdi Gulled, mfanyabiashara wa ngozi. "Kila mtu ana zake."

Na yeye mwenyewe aliamini kila tone lina malaika wa kulishusha mpaka palipoamriwa. Yeye sikumcheka, maana alikuwa baba.

Mwaka wa hamsini na moja alikuja Bwana Shamba mpya, Mzungu mwenye haraka. Akafunua daftari pale barabarani, watu wakitazama.

"Kila wiki kuna pengo," alisema. "Daftari lenye mapengo halina maana. Jumamosi zisomwe zote, ama nitaleta mtu mwingine. Na nasikia unaamini mbinguni kuna madirisha. Mtu wa namna hiyo nimwachie vipimo?"

Eliakim alivua kofia. "Bwana, mimi sijaulizwa madirisha ni ngapi. Nimeulizwa imemwaga maji ngapi."

Jioni hiyo mkewe, Benta, alikuja dukani, hakununua kitu. "Shamba yetu kule ziwa mto ilikula," alisema. "Tukitolewa hapa, hatuna pa kwenda. Wewe kwako Jumamosi ni siku tu. Si utusomee?"

Nikakubali palepale. Aliyekataa ni Eliakim. Amri, alisema, haimkatazi yeye peke yake kufanya kazi siku ya saba. Inamkataza pia mgeni aliye ndani ya malango yake.

"Wewe ni mgeni, nyar Abdi," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Abdi, kwa lugha yao. "Na hii chombo iko ndani ya lango yangu."

"Basi kitoe nje!"

"Haiwezi kusonga. Mvua ya miaka nane imepimwa hapa hapa."

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne nikamwona anang'oa nguzo za ua. Alizing'oa moja moja, akavuta seng'enge, akaupinda ua ule kama kiwiko mpaka chombo kikabaki nje, upande wa barabara. Kisha akamwomba Bwana Shamba anitume yeye mwenyewe, ili isiwe Eliakim aliyenituma. Nilicheka nikakaa chini kwenye gunia la ngozi. Lakini kazi ilipokwisha nilikwenda nikauzunguka ule ua, nikiitafuta kasoro katika hoja yake, nisiipate. Jambo hilo liliniudhi sana.

Nikawa nasoma kila Jumamosi. Jumamosi ya tano ilifuata mvua kubwa ya mawe. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, jua likiwa juu yake, na nyimbo za Wasabato zilikuja kutoka upande wa pili bila waimbaji kuonekana. Nikamimina maji kwenye bilauri. Chini kweupe, juu kweupe, mimi katikati, na kwa muda nisioujua ilinijia kwamba labda kweli niko kati ya maji na maji. Nilipozinduka bilauri ilikuwa imeinama mkononi mwangu na majani yamelowa. Sikuwa nimesoma.

Nikaandika pointi themanini na nne. Niliikwepa themanini kamili kwa sababu ingeonekana kama uongo.

Jumapili Eliakim alichukua karatasi yangu, nami nikamtazama usoni. Akainakili namba ile kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri. "Themanini na nne," akasema kwa furaha. "Dirisha ilifunguka vizuri!"

Aliamini. Ilikuwa imeandikwa, akaamini, kama alivyoamini mengine yote.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku niliyorudishwa kwa baba. Nikisema, Benta na watoto hawana pa kwenda. Nisiposema, kitabu pekee Nyakoe nzima nilichojua hakina uongo kitakuwa na uongo wangu. Nilivumilia wiki mbili. Alhamisi, Bwana Shamba akitarajiwa kesho yake, nilikwenda langoni nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu. "Ulikisia kwa macho?"

"Kwa kichwa tu."

Akaleta rula, akaikata namba kwa mstari, akaandika kando yake: Haikusomwa.

"Baba Akong'o, acha," nilimsihi, nikimwita kwa jina la mtoto wake. "Nani atajua?"

"Tayari tuko wawili," alisema.

Bwana Shamba hakuchelewa kuliona. Aliweka kidole juu ya mstari. "Nani hakusoma?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka. Nilijua Eliakim hawezi kusema uongo, kwa hiyo nilisubiri kusikia jina langu. Yeye aliutazama ua wake muda mrefu, pale ulipopinda.

"Bwana, kitabu ni yangu," alisema. "Yenye imeandikwa na yenye haikuandikwa, mwenye kujibu ni mimi."

Kila neno lilikuwa la kweli. Bwana Shamba akamwambia mwisho wa mwezi aondoke. Akageuka, akaniona, akakumbuka kwamba mimi najua kusoma namba, akasema daftari litakuwa langu. Na mimi, mwenye akili zangu, nilikaa kimya. Benta alikuwa anaanua nguo, akaendelea kuanua.

Mara ya kwanza Eliakim alihamisha ua ili mimi na chombo tubaki nje, dhambi isimfikie. Siku ile aliuhamisha tena, kwa maneno, na safari hii mimi ndiye niliyewekwa ndani, yeye akabaki nje.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa tatu kamili nilitoka, ukungu haujafunguka, nikamimina, nikasoma mara mbili. Ng'ambo walikuwa wanaimba, na sauti yake niliitambua.