Maji ya Uwanja wa Dalmas

Asubuhi ile Dorca alikuta mtama wake wote uko chini. Haukulala kama mtama ulioinamishwa na upepo, ambao jua likitoka unajinyoosha tena. Ulikuwa umeng'oka, mizizi juu, masuke ndani ya matope, na katikati ya shamba palikuwa na korongo jipya la kumfika mtu magotini. Udongo mweusi, ule alioulisha mbolea ya ng'ombe tangu mumewe Ogola akiwa hai, ulikuwa umeshuka mtoni. Kilichobaki ni changarawe nyekundu. Dorca aliinama akachota konzi moja, akaitazama vizuri. Changarawe ile haikuwa ya shamba lake. Ilikuwa imetoka kwa Dalmas.

Dalmas alikuwa mtoto wa Rosa, mke mdogo wa marehemu Ogola. Alifanya kazi ya bima Nairobi muda mrefu, kisha akarudi nyumbani Nyamasaria na Peugeot nyeupe na mipango mingi. Alinunua kiwanda kikuukuu cha sukari guru kilichokuwa kando ya mto, juu kidogo ya boma lao. Zamani za kiwanda, ua ulikuwa nyasi tupu, na upande wa chini palikuwa na bonde dogo la mafunjo. Mvua ikinyesha, maji yaliingia mafunjoni yakakaa humo, yakatoka polepole kwenda mtoni kama wazee wanaotoka kanisani. Wanawake walikata mafunjo yale wakasuka mikeka ya kuuza sokoni Kibuye.

Dalmas aliyatazama mafunjo akaona mbu. Alileta malori ya moramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani, akajaza bonde, akashindilia, akamwaga zege ua mzima ili magari ya wageni yapate pa kuegesha. Akajenga vyumba vya kulala wageni vyenye mapaa mapana ya mabati, akazungusha ukuta wa matofali, na chini ya ukuta, upande unaotazama shamba la Dorca, akaacha matundu ya kutolea maji. Ndiyo hayo yaliyotapika usiku kucha.

Dorca alipanda kilima vile vile alivyo, matope hadi kwenye mapaja, akamkuta Dalmas anawaonyesha mafundi mahali pa kupaka rangi. Dalmas alimsalimia kwa heshima zote, akamtafutia kiti. Dorca hakukaa. Alimwambia mtama umekwisha.

"Pole sana, Mama," Dalmas alisema. "Lakini mvua ni ya Mungu. Mimi nitaishika na nini?"

"Mvua ni ya Mungu. Paa ni lako."

Fundi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Dalmas akatoa tabasamu lile la ofisini, akasema maji hushuka chini siku zote, hata shuleni walifundishwa hivyo, na kama Mama hapendi maji basi mbona aliolewa karibu na mto. Aliona amesema jambo la kuchekesha. Dorca alimtazama mpaka tabasamu likamwisha, akageuka akaenda zake.

Alikwenda kwa chifu. Chifu alisikiliza, akasema hilo ni jambo la familia moja, wakalizungumze nyumbani. Nyumbani wazee wa ukoo walikunywa chai ya Dalmas, wakala mandazi ya Dalmas, wakasema kijana ameleta maendeleo na Mama awe na subira. Dorca alikuwa mtu wa subira. Alizaa, akazika, akalea watoto wa Rosa pamoja na wake bila kubagua sahani. Lakini siku ile, akiwatazama wazee wakipangusa midomo, alisikia hasira ikimkaa kifuani kama jiwe la kusagia, nzito, haisogei.

Mwezi wa tatu ukafika, mvua kubwa zikaanza. Nchi nzima yalisikika majembe. Katika boma la Ogola hakukusikika kitu.

Katika boma la Wajaluo mke wa kwanza, ambaye wanamwita mikayi, ndiye anayetangulia kupanda. Mpaka yeye ateremshe mbegu udongoni, mke mdogo hatii jembe shambani, wala wana, wala wake za wana. Dorca ndiye aliyekuwa mikayi. Mbegu zake zilining'inia juu ya meko, zimekaushwa na moshi, na kila asubuhi aliziangalia, akachemsha uji, akatoka kukaa mlangoni. Tom, mwanawe mkubwa, alikuja kumbembeleza. Dorca alimwambia akavue samaki.

Majirani walianza kupalilia. Ndipo Rosa alipokuja, kitambaa cha kwaya bado kichwani, akasimama mbele ya Dorca mikono kiunoni.

"Mama Tom, utapanda lini?"

"Nikishapata shamba."

"Shamba si lile pale?"

"Lile ni mtaro wa mwanao. Nitapandaje mtama kwenye mtaro?"

Rosa alisema anaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake, kwamba wajukuu wote watakosa chakula, wa Dorca pia. Dorca akajibu kwamba anajua, na kwamba wake tayari walikosa tangu mtama uliposombwa, na siku ile Rosa hakuja kusimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wewe ulisema nini, Rosa? Ulisema mwanao amejenga vizuri. Ulikwenda kukalia viti vyake."

Rosa aligeuka, akapanda kwenda kwa mwanawe.

Jioni Dalmas alimwambia mama yake apande tu, hayo ni mambo ya kale, yeye ni Mkristo, anaogopa nini. Rosa aliimba kanisani kila Jumapili na alimwamini Mungu kwa moyo wake wote, lakini kabla ya mikayi hangepanda hata kwa mtutu wa bunduki. Alimjua mama mmoja wa huko Dunga aliyeruka zamu yake, na aliyaona yaliyowapata watoto wake. Dalmas hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani anagombana na shamba moja.

Asubuhi Rosa alichukua jembe, akalibeba begani kupita mbele ya nyumba zote, akapanda hadi kwenye ule uwanja mpya, mahali ambapo ua ulitelemka kuelekea matundu. Akaanza kulima zege. Jembe lilitoa cheche. Wapaka rangi waliacha brashi. Dalmas alitoka mbio akiwa na kiatu kimoja.

"Mama, unafanya nini? Watu wanaona."

"Napanda," Rosa alisema, akapiga tena. "Umenizibia kwangu, napanda kwako."

Mpini ulivunjika. Rosa akakaa papo hapo juu ya zege, akalia kwa hasira, na hakukubali kuinuliwa.

Dalmas alimwita Walubengo, mkandarasi wake, akaanza kumlaumu mbele ya watu kwa kazi mbovu. Walubengo alikuwa Mbukusu mpole, lakini upole nao huchoka. Alimkumbusha kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alitaka waache mafunjo, waache ukanda wa nyasi chini ya ukuta, wachimbe shimo la mawe la kupokea maji ya mapaa. Dalmas ndiye aliyekataa, kwa kuwa hayo yangekula nafasi ya magari.

Watu walimgeukia Dalmas. Safari hii hakutabasamu; aliwaambia mafundi walete nyundo.

Walivunja zege upande wote wa chini, wakachimbua moramu bondeni, wakafunga matundu, wakaweka mifereji kwenye mapaa. Wanawake walileta miche ya mafunjo kutoka ziwani, wakaipandikiza huku wakimsema Dalmas yuko hapo hapo anasikia. Mvua iliyofuata Dorca alisimama shambani, gunia kichwani, akangoja. Maji yaliingia bondeni yakajaa, yakatulia. Kwake yalifika yale ya mbinguni tu.

Alipanda kesho yake, katika changarawe na udongo kidogo aliourudisha kwa karai. Alijua hakitatoka kitu cha maana, msimu ulishakwenda. Alipomaliza mstari wa kwanza alimpungia Rosa mkono, na Rosa akaanza kwake.

Dalmas alikuja na kilo mbili za sukari, akasimama pembeni ya shamba. Alisema ahsante, akasema sasa wamepatana.

"Sijapatana na wewe," Dorca alisema bila kuinuka. "Nimepanda."

Akamwambia asikanyage hapo, kuna mbegu.