Kidole Gumba Nisichokiona

“Wifi, hilo gita umelishika au umelikaba koo?”

Nyuzi zilikuwa zimenichora mifereji kwenye ncha za vidole, na sauti iliyotoka ilikuwa ya nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Dada wa marehemu mume wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, mkoba mapajani, amekuja kuchukua gita la kaka yake. Haki alikuwa nayo. Walijifunza pamoja tangu utoto. Mimi ni mpishi wa shule. Mkono wangu ulijua mwiko tu.

Wiki moja kabla alikuwa ameniambia, “Gita si picha ya kutundikwa. Linataka mtu wa kulipiga. Ukiweza wimbo mmoja wa ibada, mwanzo hadi amina, libaki kwako. Ukishindwa, Jumapili naondoka nalo.”

Nikakubali, kwa kiburi cha mtu anayedhani ameshaona yote. Miaka ishirini na sita nilikaa benchi la pili kanisani. Wenzangu wakifumba macho kuomba, mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namtazama mume wangu vidole. Kordi tatu za wimbo aliopenda kuupiga nilizijua, kidole kipi uzi upi, kama ninavyoijua chumvi ya sufuria bila kuonja. Basi nikaviweka vidole palepale. Kimya. Nikaongeza nguvu. Kiganja nikakibana kwenye shingo ya gita kama mpini wa mwiko, bega likapanda hadi sikioni. Kufika Alhamisi sikuweza hata kufunga kifungo cha gauni. Nikapiga magoti nikaomba nguvu zaidi.

Ombi lenyewe ndilo lililokuwa na kosa.

Jumapili ile, mstari wa kwanza tu, nikakwama. Kilichobaki ni wifi kusimama, kubeba na kwenda zake. Akauweka mkoba chini.

“Nani kakufundisha kubana hivyo?”

“Kaka yako. Nilimwona.”

“Ulimwona kwa mbele. Kidole gumba chake kilikuwa wapi?”

Nikakitafuta akilini katika miaka yote ile, Jumapili baada ya Jumapili, nisikione hata mara moja. Kilikuwa nyuma ya shingo ya gita, upande ambao benchi la pili halioni.

Akaja nyuma yangu. Wifi ni msusi, vidole vyake vyepesi na vinanukia mafuta ya nywele. Akakichukua kidole gumba changu, akakituliza katikati ya mgongo wa shingo.

“Hapa. Kiegemee tu, kisisukume. Kiganja kiachie nafasi, yai lipite. Vidole visimame kwa ncha, karibu na kichuma hiki kinachokatiza shingo, si juu yake. Na bega hilo lishushe, wifi, hakuna anayekuibia.”

Nikacheka, na kicheko ndicho kilicholishusha. Nikapiga. Nyuzi zikaita, safi.

“Unajua unachofanya?” nikamwuliza. “Ukinifundisha, unalikosa.”

“Piga, acha maneno.”

Nilipiga mwanzo hadi amina. Nilikosea mara mbili, sikusimama. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

“Limebaki,” akasema, akaokota mkoba. Alifika mlangoni, akashika kitasa, lakini hakukizungusha.

Nami niliyeshinda, ushindi haukuwa na ladha yoyote kinywani. Nikamfuata.

“Rudi ukae. Mimi nimepiga kipishi. Nataka kulisikia.”

Alilipokea kwa mikono miwili. Alipiga nyimbo za utoto wao, ambazo mume wangu hakuwahi kunipigia. Alizipiga polepole, na kila baada ya mistari miwili aliacha nafasi, halafu akaendelea. Ilinichukua nyimbo tatu kuelewa kwamba nafasi zile zilikuwa za kaka yake kuitikia.

Jioni ikaingia chumbani. Sikuwasha taa, nisije nikamkumbusha kuwa ana kwake.