Jua Lililopatwa Siku ya Sabato

Mwaka 1973 wataalamu wa kupatwa kwa jua walikuwa wanakwenda Turkana, na Andrew, mhadhiri kutoka Nairobi, akaja Kisii kutafuta mwalimu wa hesabu wa kuelekeza mojawapo ya darubini zao. Nilichaguliwa mimi, Nyanchera, mwalimu wa Gesima. Sitajifanya mnyenyekevu: nilistahili.

Alituachia darubini ndogo ya kujifunzia na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Waingereza. Kilisema mhimili wa darubini uinuliwe sana, uelekee ncha ya kaskazini ya anga. Mwalimu mwenzangu Ongeri akauinua vivyo hivyo, na kila nyota aliyoilenga ikamtoroka. Nikamweleza kwamba sisi tuko kwenye ikweta. Kwetu ncha hiyo iko chini kabisa, nyuma ya vilima vya Ekerenyo, kwa hiyo mhimili unalazwa kama gogo. Nikamfundisha pia saa ya nyota, ambayo hutangulia saa ya ukutani kwa dakika nne hivi kila siku. Alinakili kila kitu, hata makosa yangu.

Kisha Tata, baba yangu na mzee wa kanisa letu la Waadventista, akauliza jua litapatwa lini.

"Tarehe thelathini Juni."

Akahesabu kwa vidole. "Hiyo ni Sabato."

"Tata, si mimi niliyelipangia jua siku."

"Ukienda kufanya kazi Sabato, usirudi kwangu."

Nililia, nikabaki. Ongeri ni Mkatoliki, akaenda yeye.

Alasiri ya Sabato hiyo tulikuwa kanisani. Mabati yetu yana matundu ya misumari, na mwanga uliopenya humo ukaanza kuchora miezi michanga sakafuni na kwenye magauni meupe ya akina mama. Watoto wakapiga kelele. Tata akaniita mbele.

"Binti yangu amesomea mambo haya. Waeleze."

Nikaeleza yote, vizuri, kwa hasira: kila tundu lilikuwa linatupa sakafuni picha ya jua lililomegwa na mwezi. Tata alipoona watu wameduwaa, akaniwekea mkono begani.

"Mmeona? Mungu amemletea jua hapa hapa. Huko Turkana alikuwa anafuata nini?"

Watu wakacheka, wakasema amina. Nami nikasema amina. Muda si mrefu, Turkana, mchana uligeuka giza, nyota zikatoka, na Ongeri alikuwa pale badala yangu. Sijamsamehe Tata, naye hajui kwamba kuna la kusamehewa.