Diodi Mbili za Shangazi

Wiki mbili nzima fundi alikuwa akihangaika na kisanduku kimoja kidogo. Kazi ya kisanduku ilikuwa kutoa mawimbi ya masafa yasiyoyumba, lakini mstari kwenye skrini ya kipimo ulikuwa umenenepa kwa kelele za umeme. Alibadilisha betri, akakifunika kwa bati, wapi! Kumpigia simu shangazi yake hakutaka. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi, na kiti alichokalia kilikuwa cha shangazi kabla hajastaafu. Angeuweka wapi uso wake?

Jumamosi asubuhi shangazi akaingia karakanani mwenyewe, miwani kichwani.

"Mama yako kaniambia huli vizuri. Nikajua kinachokukondesha ni mitambo, si mwanamume."

Fundi akacheka bila kutaka, akamwonyesha mchoro. Shangazi akaweka kidole kwenye diodi, ile inayopandisha na kushusha masafa kwa kadiri ya volti inayopewa.

"Umeibebesha masafa yote peke yake. Volti ikitikisika kidogo tu, nayo inaruka. Na hii resista kubwa inayoipelekea volti, unadhani imenyamaza? Ina kelele zake. Weka ndogo. Mzigo mkubwa mpe kapasita ya kawaida, isiyobadilika kwa volti, diodi ibaki na marekebisho madogo. Halafu diodi ziwe mbili, zipeane mgongo ili zisawazishane."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Hukuniuliza. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi mitatu kuyajua, hapo hapo ulipokaa. Nililia, nikanawa uso, nikaendelea."

Fundi akamtazama. Shangazi, kulia?

Shangazi akashika chuma cha kulehemu. Mkono ukatetemeka, akakirudisha taratibu. Fundi aliona. Akamsogezea kiti.

"Wewe nielekeze tu, Shangazi. Leo mikono yangu, macho yako."

Wakafanya kazi mabega yakigusana. Walipowasha, mstari haukuonekana kabisa.

"Diodi moja umeigeuza, mwanangu," shangazi akasema kwa upole. "Haraka hiyo umeirithi kwa baba yako."

Fundi akaigeuza, akawasha tena. Mstari ukasimama mwembamba, umetulia tuli. Fundi akamkumbatia shangazi hadi miwani ikaanguka.

"Jumatatu utakuja?"

"Mimi si nimestaafu?"

"Najua. Utakuja saa ngapi?"

Shangazi akaokota miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Saa tatu. Na uwe umeshakula."